Una presha na umejifungua juzi: katazo ni la estrojeni, si la uzazi wa mpango

"Wewe una presha, mambo ya uzazi wa mpango hayakufai." Kauli hiyo huwafikia wazazi wengi wakiwa bado kitandani, dripu haijatolewa, mtoto analia. Mama anaitikia kwa kichwa, anafungasha, anarudi nyumbani. Miezi mitano baadaye yuko kliniki ya wajawazito tena, na safari hii presha imeanza kupanda mapema kuliko mimba iliyopita. Aliyemwambia hakudanganya. Alitoa robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo iliyomponza mama wa watu.

Robo tatu zilizobaki ni hizi. Ndani ya kapu tunaloliita uzazi wa mpango mna vitu visivyofanana. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Kijiti, sindano, kitanzi chenye homoni na vile vidonge wanavyopewa wanaonyonyesha vina homoni ya aina moja tu, projestini. Vidonge vya mchanganyiko, ambavyo ndivyo wengi huvifikiria wakisikia vidonge vya majira, pamoja na kibandiko cha ngozini na pete ya ukeni, vina projestini na estrojeni. Makatazo makali yanayomhusu mwanamke mwenye ugonjwa wa kudumu, hasa katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, mengi yanaielekea estrojeni. Mambo huharibika pale neno "homoni" linapotamkwa kwa jumla, likazoa na kijiti, na sindano, na mwishowe hata kitanzi cha shaba ambacho hakikuwa na kesi.

Damu ya mzazi

Mwanamke akiwa mjamzito, ini lake huongeza protini za kugandisha damu. Maumbile yana sababu yake: kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na damu isiyoganda upesi ingemmaliza. Tatizo ni kwamba mwili hauzimi mtambo huo siku mtoto anapotoka. Hatari ya kupata donge la damu kwenye mshipa wa mguu, donge linaloweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu, iko juu kabisa katika wiki tatu za kwanza baada ya kujifungua. Hushuka kuelekea wiki ya sita, na mabaki yake huonekana hadi karibu wiki ya 12.

Estrojeni iliyomo kwenye kidonge inalisukuma ini kufanya kazi hiyohiyo. Kumpa mzazi wa siku kumi vidonge vya mchanganyiko ni kuongeza kuni kwenye moto ambao haujazimika. Na kama alijifungua kwa upasuaji, au ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, au figo zake zinavujisha protini, basi moto ulikuwa mkubwa tangu mwanzo.

Kwa makadirio ya mamlaka ya dawa ya Marekani, kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, 1 hadi 5 hupata donge la damu kwa mwaka. Wanaotumia vidonge vya mchanganyiko ni 3 hadi 9. Wajawazito ni 5 hadi 20. Wazazi walio ndani ya wiki 12 za kwanza, kwa kipimo hichohicho cha mwaka, ni 40 hadi 65. Nazipenda takwimu hizi kwa sababu zinasema mambo mawili kwa pumzi moja: kidonge kina hatari yake, na mimba ina hatari kubwa zaidi. Masikioni mwa watu huingia la kwanza tu. Njia ya uzazi wa mpango hupimwa kana kwamba upande wa pili wa mizani hakuna kitu, wakati upande huo amekaa ujauzito mwingine, kwa mwanamke ambaye ujauzito uliopita nusura umtoe roho.

Namba moja hadi nne

Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo unaompangia kila mwanamke, kwa kila njia, namba kati ya moja na nne. Moja: tumia, hakuna kizuizi. Mbili: tumia, faida imezidi hatari. Tatu: kwa kawaida hatari imezidi faida, kwa hiyo njia hiyo ni ya kukimbilia pale tu nyingine zimeshindikana, na pawepo mtaalamu wa kufuatilia. Nne: usitumie.

Cha kuelewa ni kwamba namba hapewi mwanamke. Wanapewa wawili, mwanamke na njia, na hata hao wawili namba yao hubadilika kadiri wiki zinavyokwenda. Chukua mama anayenyonyesha, wiki ya tano tangu ajifungue, presha yake 150 kwa 95, hana ugonjwa mwingine. Vidonge vya mchanganyiko kwake ni nne. Sindano ya miezi mitatu ni tatu. Kijiti ni mbili. Kitanzi, kiwe cha shaba au cha homoni, ni moja. Mama huyohuyo akirudi wiki ya saba, presha haijabadilika, sindano imeshuka hadi mbili na kijiti kimekuwa moja, ilhali vidonge vya mchanganyiko bado vimeng'ang'ania tatu. Ukimwambia "una presha, hutumii" umemfungia milango mitano kwa sababu ya mmoja.

Sasa mpandishe presha mama huyo wa wiki ya saba, ifike 160 kwa 100 au zaidi. Mchanganyiko unakuwa nne moja kwa moja. Sindano inarudi tatu. Kijiti na kitanzi chenye homoni vinakaa mbili, na kitanzi cha shaba kinabaki moja kana kwamba hakijasikia habari. Kwa nini sindano ichukuliwe kwa ukali kuliko kijiti, na zote ni projestini? Dozi ya sindano ni kubwa, inaweza kushusha yale mafuta mazuri kwenye damu, na ikishachomwa imechomwa: hakuna namna ya kuirudisha ndani ya bomba kama mambo yakienda mrama. Kijiti hutolewa mkononi kwa dakika chache.

Jambo moja kuhusu kupima. Kwa waliokuwa na presha ya ujauzito, presha huwa na tabia ya kupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati wengi wameshatoka hospitali. Namba iliyoandikwa kwenye kadi siku ya kuruhusiwa si ya kutegemea kwa uamuzi wa miezi. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito, ambaye presha yake imerudi kawaida na kipimo kinaonyesha hivyo, huangukia namba mbili hata kwa vidonge vya mchanganyiko, ilimradi zile wiki za mwanzo zimepita na suala la kunyonyesha limezingatiwa. Bila kipimo, hayo ni kubahatisha.

Kunyonyesha, na siku ya 21

Kwa anayenyonyesha, vidonge vya mchanganyiko ni nne hadi wiki ya sita, tatu hadi mtoto afike miezi sita, kisha mbili. Kwa asiyenyonyesha, siku 21 za mwanzo ni tatu, au nne kama kuna jambo lingine linalochochea damu kuganda. Kutoka hapo hadi siku ya 42 ni mbili au tatu kwa kanuni hiyohiyo. Sindano kwa anayenyonyesha husubirishwa wiki sita, ingawa baadhi ya nchi zimelegeza sharti hilo.

Kwa nini basi asingoje tu, akaja kuamua baada ya arobaini? Kwa sababu yai halingoji. Kwa mwanamke asiyenyonyesha, yai la kwanza limewahi kuonekana likipevuka mapema siku ya 25, na mbegu za kiume huishi siku kadhaa, ndiyo maana kinga huhesabiwa kuwa inahitajika kuanzia siku ya 21. Tena yai hutangulia hedhi. Anayesubiri kuona siku zake ndipo ajipange anaweza kushika mimba bila kuziona.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga nzuri, yapata asilimia 98, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hajafikisha miezi sita. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Na hapa ndipo wenye magonjwa ya kudumu hukamatwa. Watoto wao huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, hulazwa peke yao, hupewa maziwa kwa mrija. Mama mwenyewe huenda yuko chumba cha uangalizi maalumu, au anatumia dawa isiyoruhusu kunyonyesha. Yaani kinga hii huwavunjikia kwanza walewale wanaoihitaji zaidi, na hakuna anayewaambia kwamba imevunjika.

Dawa zinazogombana

Ugonjwa ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni dawa za ugonjwa huo.

Kifafa ndicho mfano ulio wazi. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni huliamsha ini livunje homoni upesi kuliko kawaida. Mwanamke anameza kidonge chake kila siku kwa uaminifu, homoni inaingia, ini linaifyeka kabla haijafanya kazi, mimba inaingia. Lawama humwangukia yeye: "Ulisahau kumeza." Hakusahau. Kwa dawa hizo, vidonge vya aina zote hupewa tatu, na sababu si kwamba vitamdhuru, bali havitamkinga na mimba. Kijiti ni mbili, kwa kuwa nacho hupungua nguvu. Sindano ni moja, maana dozi yake inatosha kulishinda ini, na vitanzi vyote viwili ni moja kwa sababu kazi yao inafanyika ndani ya mfuko wa uzazi, ini halihusiki.

Lamotrijini ni ugomvi wa upande wa pili. Hapa estrojeni ndiyo inayoshusha kiwango cha dawa ya kifafa kwenye damu, mwanamke akaanza kuanguka tena baada ya miezi ya utulivu. Akifika wiki ya mapumziko ya vidonge, dawa inapanda ghafla, kichwa kinazunguka. Projestini peke yake haina ugomvi huo kwa kiwango hicho.

Rifampisini ya kifua kikuu inafanana na karbamazepini kwa tabia. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi kwa wanaoishi na VVU, inapunguza sana homoni ya kijiti. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, haifanyi hivyo. Mwanamke aliyewekewa kijiti zamani akiwa kwenye dawa moja, kisha akahamishiwa nyingine, hesabu yake imebadilika bila yeye kufanya lolote.

Kuna kundi lingine la dawa ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili na ndugu zao ni dawa nzuri za presha, moyo na figo, lakini huharibu figo za mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito huachishwa. Mtoto akishatoka, daktari anamrudishia, na enalaprili na kaptoprili zinaruhusiwa hata kwa anayenyonyesha. Sasa fikiria: mama ameanza enalaprili wiki ya pili, hana kinga, anategemea kunyonyesha ambako kumeshakatika. Mimba inaingia mwezi wa nne. Kwa kuwa hajaona hedhi tangu ajifungue, hatajua hadi tumbo lianze kuchomoza, na muda wote huo anameza dawa. Methotreksati ya kutuliza kinga ya mwili, valproeti ya kifafa na wafarini ya kuzuia damu kuganda zina hadithi zinazofanana, nyingine mbaya zaidi. Siku ya kurudishiwa dawa kama hizo ndiyo siku ya kuuliza kuhusu kinga.

Moyo, sukari, na mengine

Kuna wanawake ambao moyo huchoka katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada yake: misuli ya moyo inatanuka, pumzi inakata, miguu inavimba, na wengi huambiwa ni uchovu wa kulea. Moyo usiporudi katika nguvu yake, mimba inayofuata inaweza kuwa ya mwisho kwa maana zote. Estrojeni hapa haifai, kwa sababu ya donge na pia kwa sababu hufanya mwili ushikilie maji. Kijiti na kitanzi ndivyo hutazamwa kwanza. Kwa wenye presha ya mishipa ya mapafu, hata kuweka kitanzi hufanywa hospitalini kwa uangalizi, kwa kuwa kugusa mlango wa kizazi kunaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla. Mwenye vali ya bandia anayetumia wafarini anaweza kutokwa na damu nyingi kwa kitanzi cha shaba. Chenye homoni hupunguza hedhi, kwa hiyo kinamsaidia mara mbili.

Wengine huambiwa wafunge kizazi. Ni njia halali kwa aliyekwisha amua, lakini ni upasuaji, na dawa ya usingizi haina huruma na moyo mgonjwa. Kwa aliyetoka kwenye kifafa cha mimba, upasuaji huo huahirishwa hadi mwili utulie. Inashangaza jinsi watu wanavyokaa kikao kirefu kujadili kumpasua mwenye moyo dhaifu, na mumewe mwenye moyo mzima amekaa hapohapo kwenye benchi. Kufunga mirija ya mwanamume ni shughuli ndogo, ganzi ya sehemu, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kinachotakiwa ni kutumia kinga nyingine kwa miezi mitatu hadi mbegu zilizobaki njiani ziishe.

Kisukari kinaogopwa kupita kiasi. Mwenye kisukari ambaye macho, figo, neva na mishipa yake ni salama, kitanzi cha shaba kwake ni moja na homoni zote ni mbili, zikisubiri tu masharti ya wiki za baada ya kujifungua. Aliyekuwa na sukari ya ujauzito tu na ikaondoka, kisukari hicho hakimzuii njia yoyote. Hesabu hubadilika pale figo au macho yameguswa, au ugonjwa umepita miaka 20: mchanganyiko unakwenda tatu au nne, sindano tatu, kijiti kinabaki mbili. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mimba isiyopangwa, kwa maana viungo vya mtoto huumbwa katika wiki nane za mwanzo, na sukari ya wiki hizo hairekebishwi baadaye.

Mwenye selimundu anapata habari njema adimu: sindano ni moja, na kuna dalili kwamba hupunguza yale maumivu makali ya mifupa. Kitanzi cha shaba kwake ni mbili kwa sababu ya damu. Mwenye lupasi aulize swali moja kabla ya yote: je, nimepimwa kingamwili zinazogandisha damu? Zikiwepo, au majibu hayajulikani, mchanganyiko ni nne, projestini tatu, kitanzi cha shaba moja. Na mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, estrojeni ni nne katika umri wowote, kwa hofu ya kiharusi. Wengi hawasemi kuhusu vimulimuli kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Anayetaka mtoto mwingine

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, tarehe huamuliwa pia na ugonjwa: lupasi iwe imetulia yapata miezi sita, sukari iwe imeshikika, dawa zenye madhara ziwe zimebadilishwa. Anahitaji njia atakayoizima siku anayotaka. Kijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano huchelewesha kwa wastani wa miezi minne zaidi ya njia nyingine, jambo linaloudhi kwa mtu anayevizia kipindi kifupi cha ugonjwa kutulia. Na kwa nguvu ya kinga katika matumizi ya kila siku, katika kila wanawake 100 kwa mwaka, kondomu huwaangusha 13, vidonge 7, sindano 4. Kitanzi hakifikishi hata mmoja, na kijiti ni kama mmoja kwa kila 1,000.

Yote haya ni mazungumzo ya wiki ya 30 au 36 ya ujauzito, si ya saa mbili baada ya kujifungua. Kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa ndani ya dakika kumi baada ya kondo kutoka, au wakati wa upasuaji kupitia jeraha lilelile, au ndani ya saa 48. Kikiwekwa mapema hivyo uwezekano wa kuchomoka ni mkubwa zaidi, kwa hiyo nyuzi zikaguliwe kliniki. Saa 48 zikipita, ni kusubiri wiki ya nne. Mfuko wa uzazi ukiwa na maambukizi, hakiwekwi kabisa hadi atibiwe.

Kwenye kadi ya wiki ya 36, basi, yaandikwe majina ya dawa zote anazomeza na atakazorudishiwa, presha au sukari ilivyo, kama atanyonyesha, na njia aliyoichagua mwenyewe, kwa jina lake kamili: "kijiti", "kitanzi cha shaba", si "uzazi wa mpango". Mkunga wa zamu ya usiku akisoma kadi hiyo hatahitaji kukisia. Ataandaa ganzi, atasafisha mkono wa ndani juu ya kiwiko, na kijiti kitakuwa kimeingia kabla mama hajavaa nguo za kurudi nyumbani.